Nani Atatengeneza Mlisho wa Makete?

Iwawa ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Makete, na kutoka Njombe mjini ni kilomita 107 za barabara ya milimani. Tangazo la kazi, la zabuni au la mbolea ya ruzuku likitoka Dodoma siku hizi halisubiri basi la Makambako. Linafika kwa WhatsApp, na mara nyingi linafika likiwa picha: skrini iliyopigwa na mtu asiyejulikana, imekatwa juu palipokuwa na tarehe, imekatwa chini palipokuwa na jina la ofisi. Aliyelipata analitupia kwenye kundi la ukoo, la kwaya, la vikoba. Kufikia jioni wengi wamelisoma, na hakuna anayeweza kusema ni la lini wala limetoka wapi. Matapeli wa ajira wanaishi humohumo, ndani ya picha zisizo na tarehe.

Ipo dawa ya tatizo hili, na ina umri wa zaidi ya miaka 25. Inaitwa RSS. Kazi yake ni ndogo na ya wazi: tovuti huweka kwenye anwani isiyobadilika faili fupi la maandishi, yaani mlisho, lenye orodha ya mambo mapya. Kila jambo lina kichwa, tarehe na saa ya kuchapishwa, kiungo cha ukurasa lilikotoka, na pengine muhtasari au habari nzima. Msomaji anaweka kwenye simu yake programu ya kusomea milisho, anaipa anwani za vyanzo anavyoviamini, na programu hiyo inazunguka yenyewe kukusanya. Tarehe na asili ya habari, vitu viwili vinavyopotea kwanza WhatsApp, kwenye mlisho haviachani na kichwa cha habari.

Katika miaka ya karibuni zana za kusoma na za kutengeneza milisho zimeongezeka tena, nyingi zikiwa bure. Swali langu ni kama zinamfaa mtu wa Iwawa, na kama hazimfai, kinachokosekana ni nini. Nimefikia jibu ambalo nitalitetea hapa: upande wa kusoma umekwisha kutatuliwa, hata kwa simu ya bei nafuu. Upande uliobaki wazi ni wa kutengeneza, na huo hautajazwa na kampuni yoyote ya San Francisco.

RSS ilizaliwa Machi 1999 katika kampuni ya Netscape, mikononi mwa Dan Libby na Ramanathan Guha. Dave Winer aliiendeleza hadi toleo la 2.0 mwaka 2002. Kabla ya hapo, Aaron Swartz, akiwa kijana wa miaka 14 tu, alikuwa miongoni mwa walioandika toleo la 1.0. Mwaka 2005 ukaja muundo wa pili wa aina hiyo, Atom, na hadi leo visomaji vyote vya maana vinaelewa miundo yote miwili. Nyongeza moja ndogo ya Winer, ya kuambatisha faili la sauti kwenye mlisho, ndiyo iliyozaa podikasti. Wengi wanaosikiliza podikasti hawajui kwamba kinachowaletea kipindi kipya kila wiki ni RSS.

Kisha likaja anguko. Google Reader, kisomaji kilichopendwa kuliko vyote, kilianza mwaka 2005 na kufungwa tarehe 1 Julai 2013. Twitter iliacha kutoa milisho mwaka huohuo. Firefox ikaondoa sehemu yake ya kusomea milisho mwishoni mwa 2018. Sababu haikuwa ubovu wa teknolojia. Mlisho unamwezesha mtu kusoma bila kuingia kwenye nyumba ya kampuni, bila kuhesabiwa, bila kuoneshwa matangazo ya biashara, na kampuni zinazoishi kwa kuhesabu watu hazikuona faida ya kuulinda.

Tanzania ilikuwa na anguko lake. Mwaka 2005, jijini Helsinki, Ndesanjo Macha, mwandishi wa blogu ya Kiswahili ya Jikomboe, alimsaidia mpigapicha Issa Michuzi kufungua blogu iliyokuja kuwa miongoni mwa zilizosomwa sana nchini. Baada yake zikafuata nyingine nyingi, za mikoani pia, karibu zote kwenye Blogspot. Jambo ambalo wengi wa wenye blogu hizo hawakulijua ni kwamba Blogspot huitengenezea kila blogu mlisho bila kuombwa. Kwa miaka kadhaa, basi, Watanzania walichapisha milisho mingi ya habari za nyumbani, za misiba na harusi na mikutano ya kata, bila kujua kwamba wanafanya hivyo na bila kuwa na wasomaji wa kuitumia. Kisha zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na nyingine 1,000,000 kila mwaka. Kanuni hizo zimerekebishwa tangu hapo, lakini blogu nyingi zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Waandishi wake walihamia Instagram, Facebook na YouTube. Kati ya hizo tatu, ni YouTube tu ambayo bado inatoa mlisho wa RSS kwa kila chaneli, na haiutangazi.

Sasa tuviangalie visomaji vilivyopo. Viko vya namna mbili, na tofauti yake ina uzito kwa anayenunua bando la siku. Namna ya kwanza ni huduma: Feedly, Inoreader, NewsBlur. Unafungua akaunti, na kompyuta zao zilizoko ng'ambo ndizo zinazozungukia tovuti. Simu yako inawasiliana na kompyuta hizo tu. Ngazi ya bure ya Feedly imekuwa ikiruhusu vyanzo 100, ya NewsBlur 64, na kwa msomaji wa kawaida idadi hizo zinatosha na kubaki. Anayetaka zaidi hulipa kwa dola kwa kadi ya benki. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia.

Namna ya pili ni programu inayofanya kazi yote ndani ya simu. Kwa Android iko Feeder, ya bure, yenye msimbo ulio wazi, isiyodai akaunti wala namba ya simu. Iko pia Read You, ya aina hiyohiyo. Feeder inaweza kuagizwa ikusanye habari simu ikiwa kwenye Wi-Fi tu, au ikiwa kwenye chaji tu, na inaweza kupakua makala nzima ili isomwe baadaye pasipo mtandao. Mtu anayepita mara moja kwa siku mahali penye Wi-Fi, ofisini au chuoni, anaondoka na gazeti zima mfukoni.

Tena mlisho una adabu ambayo tovuti za kawaida hazina. Kisomaji kizuri ni kama kijana anayetumwa dukani kuuliza kama mzigo umefika: akiambiwa bado, anarudi mikono mitupu na hajamsumbua mtu. Kinaipelekea tovuti alama ya mara ya mwisho kilipopita. Kama hakuna kilichobadilika, tovuti inajibu kwa namba 304 na mazungumzo yanaishia hapo, baiti chache tu zikiwa zimetumika. Mlisho wenyewe, hata ukiwa na habari nzima kumi, kwa kawaida ni makumi ya kilobaiti. Ukurasa wa kawaida wa tovuti kwenye simu siku hizi unapita megabaiti 2, sehemu kubwa ikiwa picha na programu za matangazo ambazo msomaji hakuziomba.

Uzuri wa kuwa na habari zilizokwisha kupakuliwa ulionekana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa kurasa za Facebook na YouTube zilifunguka kwa taabu au hazikufunguka. Kisomaji kilichokuwa kimekusanya makala asubuhi ya siku hiyo hakikuhitaji waya wa baharini ili kuzionesha.

Wenye simu ndogo nao hawakuachwa nje kabisa. Smart Kitochi, iliyoletwa na Vodacom mwaka 2019, inatumia mfumo wa KaiOS, na kwa mfumo huo ipo PodLP, programu ya podikasti inayofanya kazi kwa RSS. Kwenye Android kazi hiyo inafanywa vizuri na AntennaPod, nayo ya bure. Watumiaji wa iPhone wana NetNewsWire. Anayeweza kuendesha kompyuta yake mwenyewe kama seva ana FreshRSS na Miniflux, na kwa shule au chuo chenye fundi wa kompyuta ningeshauri FreshRSS moja kwa wanafunzi wote.

Kuhusu huduma mpya zinazofupisha habari kwa akili bandia nina neno moja tu. Tangazo la mistari mitatu halihitaji muhtasari, na kwa habari ndefu ya Kiswahili sijaona sababu ya kuamini muhtasari wa mashine kuliko aya ya kwanza ya mwandishi aliyefika kwenye tukio.

Kwa hiyo mtu wa Iwawa akiweka Feeder leo, atasoma nini? Atapata BBC Swahili, DW Kiswahili, Habari za UN kwa Kiswahili, Global Voices kwa Kiswahili. Atapata hata orodha ya mabadiliko ya karibuni ya Wikipedia ya Kiswahili. Ataijua Gaza na Goma na Nairobi saa kwa saa. Lakini akitaka kujua kama halmashauri yake imetangaza nafasi za watendaji wa vijiji, kama bei ya viazi imeshuka Dar es Salaam, au kama usiku wa leo uwanda wa Kitulo utaganda, atarudi kwenye kundi la WhatsApp. Milisho inayomhusu kwa karibu zaidi ndiyo isiyokuwepo.

Hapa ndipo zana za kutengeneza zinapoingia. Kwa tovuti iliyojengwa kwa WordPress hakuna kazi: ongeza neno feed mwishoni mwa anwani na mlisho upo, mwenye tovuti awe anajua au hajui. Redio nyingi na vyombo vidogo vya habari nchini vinatumia WordPress, kwa hiyo hatua ya kwanza kwa yeyote ni kujaribu hivyo kabla ya kulalamika.

Pasipo na mlisho, zipo huduma kama RSS.app na FetchRSS. Unabandika anwani ya ukurasa, unaonesha kwa kidole kipi ni kichwa cha habari na ipi ni tarehe, nazo zinakutengenezea mlisho. Ngazi zake za bure ni finyu: milisho michache, na kuangaliwa upya baada ya saa nyingi. Kwa mafundi kuna RSS-Bridge, iliyoandikwa kwa PHP, na RSSHub, iliyoanzia China mwaka 2018. Hizi mbili ni kazi ya watu wa kujitolea, kila mmoja akiandika kipande cha msimbo kwa tovuti anayoijua. Zina mamia ya vipande kwa tovuti za China na Ulaya. Kwa tovuti za Tanzania kipande kitakuwepo pale Mtanzania atakapokiandika, na si kazi kubwa: faili moja fupi, jioni moja au mbili kwa kijana aliyesoma programu chuoni.

Udhaifu wa zana hizi lazima usemwe waziwazi. Zinasoma umbo la ukurasa. Siku tovuti ikibadilishwa sura, zana haioni tena kichwa wala tarehe, na mlisho unakauka. Na mlisho uliokauka haulii. Kwa msomaji unaonekana kama wiki isiyo na habari, na mtu anayesubiri tangazo la kazi anaweza kukosa siku ya mwisho ya maombi akiamini hakuna lililotangazwa. Ndiyo maana siungi mkono wazo la mtu mmoja kutengeneza mlisho wa namna hii, kuutangazia wilaya nzima, kisha kuuacha ujiendeshe. Mlisho wa kukwangua ukurasa unahitaji mwangalizi, na afadhali mwenye tovuti autoe mwenyewe.

Kwa halmashauri jambo hili ni jepesi kuliko linavyoonekana. Mwaka 2017, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani, tovuti za mikoa na halmashauri zilijengwa kwa mfumo mmoja unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Ndiyo maana ukitoka tovuti ya Makete ukaingia ya Makambako au ya Wanging'ombe, mpangilio ni ule ule: Matangazo hapa, Habari pale. Umoja huo ni hazina. Kipande kimoja cha msimbo kilichoandikwa kwa Makete kitafaa, kwa marekebisho kidogo, kwa halmashauri nyingine za mfumo huo. Na Mamlaka ya Serikali Mtandao ikiamua kuweka mlisho rasmi wa Matangazo ndani ya mfumo, kazi inafanyika mara moja na nchi nzima inafaidika, wala hapahitajiki tena mtu wa kukwangua.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna zana inayoweza kulirekebisha. Mara nyingi tangazo la ofisi za umma linapandishwa kama PDF iliyopigwa skani, na kichwa chake kinaandikwa "TANGAZO". Mlisho utaleta kwa uaminifu kile ulichopewa: Tangazo, Tangazo, Tangazo. Afisa akiandika "Nafasi 6 za watendaji wa vijiji, mwisho 30 Juni", mlisho unakuwa na thamani papo hapo. Huo ni utaratibu wa kazi, hauhitaji bajeti.

Bei za mazao zina ugumu zaidi. Makete ni wilaya ya viazi mviringo, na Wizara ya Viwanda na Biashara huchapisha jedwali la bei za jumla za mazao makuu katika masoko ya mikoa, viazi mviringo vikiwemo. Jedwali hilo liko kwenye PDF. Programu ya kusoma majedwali ya PDF inaweza kutoa safu ya viazi peke yake na kuifanya mlisho wenye mistari mitatu: Dar es Salaam, Mbeya, Njombe. Nimeona kazi za namna hii zikifanyika kwingine na sioni kizuizi cha kiufundi. Kizuizi kiko kwenye gunia. Bei ya jedwali ni ya gunia la kilo 100, na mkulima wa kijijini amezoea kuuzishwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Mlisho ukimwambia bei ya kilo 100 bila kumkumbusha uzito, utampa tajiri wa lori hoja badala ya kumpa mkulima. Kwa hiyo bei iandikwe kwa kilo.

Kuhusu hali ya hewa, njia imekwisha kuchongwa kimataifa. Mwezi Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza lengo la kila mtu duniani kufikiwa na tahadhari za mapema ifikapo mwisho wa 2027, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani linazihimiza mamlaka za nchi kutoa tahadhari kwa muundo wa CAP (Common Alerting Protocol). Tahadhari za CAP kwa kawaida husafiri ndani ya mlisho wa RSS au Atom, kila moja ikiwa na eneo, muda wa kuanza, muda wa kwisha na uzito wake. Ni muundo ambao mashine inaweza kuuchuja: nipe zinazohusu Njombe tu, za pwani ziache. Juni na Julai, baridi inapoleta barafu kwenye mashamba ya nyanda za juu, saa kumi na mbili za kujua mapema zinamtosha mkulima kuamua kama atavuna leo au ataacha.

Nani basi aifanye kazi ya kukusanya? Mimi ningeanzia kwenye redio. Redio ya wilayani tayari ina mtu anayetafuta matangazo haya kila asubuhi ili ayasome hewani. Akifanya kazi hiyohiyo kwa kisomaji, anaokoa saa. Redio ikihifadhi taarifa ya habari ya jioni kama faili la sauti na kuiwekea RSS, imepata podikasti, na wasikilizaji wa podikasti hiyo hawako Iwawa peke yake. Wakinga, wenyeji wa Makete, wametawanyika kwa biashara: Makambako, Mbeya, Kariakoo. Mnara wa redio hauwafikii. Mlisho unawafikia, na watu hao ndio wenye maduka yanayoweza kulipia tangazo.

Gharama ya kuhifadhi mlisho inakaribia sifuri. Ni faili la maandishi. GitHub inaruhusu kuliweka bure kwenye GitHub Pages na kuendesha msimbo wa kulisasisha kwa ratiba. Gharama halisi ni muda wa mtu, na huyo mtu lazima ajue mipaka. Achukue kichwa, tarehe na kiungo, habari kamili ibaki kwa mwenyewe. Kunakili habari za wengine nzima nzima ni kuwaibia, na kunaweza kumwingiza kwenye kanuni za leseni nilizozitaja.

WhatsApp haitaondoka, wala sitamani iondoke. Chaneli zake, zilizoenea duniani Septemba 2023, hazitoi mlisho, na kuzilisha kwa mashine hakuruhusiwi kirahisi kama kwenye Telegram, ambako boti za kuleta RSS zimejaa. Kwa hiyo katika kila kundi anatosha mtu mmoja mwenye kisomaji. Anapoona tangazo jipya, anabandika kiungo chenyewe pamoja na tarehe. Picha iliyokatwa ikitokea kwenye kundi, anatafuta kwenye kisomaji chake kama jambo hilo limo, na anajibu hapo hapo.

Mlisho wa kwanza uwe wa matangazo ya halmashauri peke yake, ishirini ya mwisho, chini ya Afisa TEHAMA, anwani yake ikiandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata na kusomwa redioni. Ukienda miezi sita bila kukauka, ziongezwe tahadhari za hali ya hewa za Njombe. Bei za viazi zifuate baada ya hapo, kwa kilo.